Dirisha la Masjala: "Daktari kaandika goita, basi"

Mwezi huu barua nyingi zilizonifikia ni za shingo. Labda ni kosa langu: toleo lililopita niliutaja ugonjwa wa tezi kwa mstari mmoja nikapita, watu wakaona nimewakimbia. Basi nimeketi nazo barazani hapa Mwanga, Kigoma, miwani puani, na mjukuu ananisomea zile zilizoandikwa kwa kalamu inayokaribia kuisha wino.

Kwa mgeni wa safu hii: nilikaa masjala ya hospitali miaka 29, nusu ya kwanza na kadi za manila, nusu ya pili na kompyuta. Si daktari, sijawahi kumpima mtu hata joto. Ninachokijua ni karatasi. Na ile namba ya ugonjwa, ambayo kazini wengi tunaiita "kodi", humu nitaiita msimbo. Kuna mzee aliwahi kuambiwa dirishani "subiri tuweke kodi" akanyanyua fimbo yake akaondoka, akisema kumbe kuugua nako sasa kunatozwa.

Shikamoo Bibi. Mimi ni kijana wa kumbukumbu kwenye hospitali moja huku Kasulu, mwaka wa pili kazini. Madaktari wetu wanaandika "goita" au "thairoidi", halafu sahihi. Nimezoea kuweka E04.9 kwa wote ili foleni isogee. Sasa madai ya bima yamerudishwa rundo zima na mganga mfawidhi ameniita. Nimekosea wapi, na nitaijuaje namba sahihi bila kumsumbua daktari?
*Kijana wa Masjala, Kasulu*

Marahaba mwanangu. Nianzie mwisho wa barua yako, pale uliposema "bila kumsumbua daktari". Msumbue. Masjala isiyomsumbua daktari ni masjala inayobuni, na wewe umekuwa ukibuni kwa nia njema.

Nikutendee haki kidogo. Neno "goita" likiwa peke yake, kitabu cha ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, chenyewe kinakupeleka E04.9, hapo hukuzua. Lakini daktari akiandika "thairoidi" tu, hajasema kama shingo imevimba. Hiyo inaangukia E07.9, yaani tezi ina tatizo ambalo halikutajwa. Umewavimbisha watu shingo ambazo huenda hazikuvimba. Na kilichokurudishia madai nadhani ni hiki: kundi lote la E04 ni la rovu, ndiyo hiyo goita, lisilo na sumu, tezi imekua lakini haimwagi homoni kupita kiasi. Sasa chukua mgonjwa wako mmoja ambaye mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, anakonda ilhali anakula, na daktari amemwandikia kabimazoli, dawa ya kuipunguza tezi kasi. Anayesoma dai huko ofisini anaona rovu lisilo na sumu limepewa dawa ya sumu. Ningekuwa yeye, ningelirudisha pia.

Mlangoni kwa daktari nilikuwa nauliza mambo matatu, kwa mpangilio uleule kila siku, mpaka wakawa wananijibu kabla sijafungua mdomo: umbo, kazi, chanzo.

Umbo ni rahisi, linaonekana kwa mkono au kwa altrasaundi. Tezi nzima imevimba sawasawa? E04.0. Kinundu kimoja? E04.1. Vinundu vingi? E04.2. Lakini usiandike bado, maana maumbo hayohayo yanarudi upande wa pili wa ukuta. Kama tezi inazidisha homoni unahama E04 kabisa, unaingia E05: iliyovimba yote, ambayo mara nyingi ni ugonjwa wa Graves, ni E05.0, kinundu kimoja chenye sumu ni E05.1, vinundu vingi vyenye sumu ni E05.2. Umbo bila kazi ni nusu ya jibu. Kama tezi imelala, homoni hazitoshi, tafuta E03, ila kwanza uliza kama daktari ameandika Hashimoto, pale kinga ya mwili inapoishambulia tezi yenyewe. Hiyo ina nafasi yake, E06.3.

Chanzo ndipo vijana wa milimani mnapoteleza. Ni kweli kwamba udongo wa miinuko huoshwa na mvua miaka nenda miaka rudi, madini joto, yaani iodini, yakaenda na maji. Ni kweli pia kwamba muhogo usiolowekwa ukaiva vizuri huacha mwilini kitu kinachoizuia tezi kuyachukua madini hayo, na sisi huku ugali wa muhogo hatuachi. Kuna misimbo yake: E01.0 kwa rovu la upungufu wa madini joto lililovimba sawasawa, E01.1 la vinundu vingi, E01.2 lisilofafanuliwa. Lakini yote hayo ni maarifa ya kumsaidia daktari kufikiri. Hayakupi wewe ruhusa ya kumwandikia mtu E01 kwa sababu kwao ni milimani na mama yake alikuwa na shingo nene. Mpaka daktari aandike "kutokana na upungufu wa madini joto", huna E01. Akiandika kwamba tezi imelazwa na dawa, tuseme amiodaroni ya moyo au lithiamu, ni E03.2. Mtoto aliyezaliwa na tezi dhaifu, E03.0 akiwa na rovu, E03.1 akiwa hana. Maneno yake, namba yako.

Namna ya kuuliza nayo ina adabu yake. Usiende ukasema, "Daktari, huyu niandike Graves?" Ana wagonjwa sitini mlangoni, atasema ndiyo ili uondoke, na utambuzi utakuwa wako badala ya kuwa wake. Mwonyeshe kilichomo, mathalani jibu la TSH, homoni inayoiamsha tezi, ambayo hushuka tezi ikizidisha: "Daktari, faili hili lina TSH ya chini na umeandika kabimazoli, lakini utambuzi unasema goita tu. Naomba ufafanue." Halafu nyamaza. Akiongeza neno, aweke tarehe na sahihi yake. Lililokosewa likatwe mstari mmoja likiwa bado linasomeka. Ule wino mweupe wa kufutia ukiuona masjala, utupe.

Nikuambie kwa nini nina ukali katika hili. Mwaka sitautaja wala hospitali, maana wengine bado wako kazini. Mwanamke mmoja alishuka boti kutoka vijiji vya mwambao huko kusini. Daktari aliyemwona mwandiko wake ulikuwa nyayo za kuku kwenye unga. Nikasoma haipothairoidi, nikaweka E03.9, nikagonga muhuri. Alikuwa ameandika haipathairoidi. Mfamasia ndiye aliyeona: karatasi yangu inasema tezi imelala, cheti cha dawa kina kabimazoli ya kuilaza zaidi. Hakupiga kelele. Alitoka dirishani kwake na karatasi zote mbili, akaziweka mezani kwangu kando kwa kando, akasimama. Yule mama alikuwa benchi la nje anamenya karanga, hajui kitu. Kama kadi ile ingeondoka naye na safari nyingine akakutana na mganga wa kuiamini, angeongezewa homoni juu ya moyo ambao tayari ulikuwa unakimbia.

Tangu siku hiyo nina njia yangu, nakupa bure: haipo ni haipo. Haipothairoidi, homoni haipo ya kutosha. Ile nyingine imezidi. Na kabla ya kugonga muhuri, soma dawa kando ya ugonjwa. Zikigombana, mmoja amekosea na kuna uwezekano mkubwa ni wewe.

La kufanya kesho: kata kipande cha manila, andika maneno haya, ubandike mezani kwa daktari kwa ruhusa ya mfawidhi: imevimba yote / kinundu kimoja / vinundu vingi, inazidisha / imelala / iko sawa / haijapimwa, chanzo. Sisi tulibandika chetu kwa plasta ya vidonda kwa sababu gundi haikuwepo. Kilikaa miaka. Na msimbo wenyewe uanze kuutafuta kwenye juzuu ya tatu, ile ya alfabeti, kisha uuhakikishe kwenye ya kwanza. Chini ya E04 utakuta maelezo ya nini hakimo humo. Vijana hamyasomi yale maandishi madogo.

Shikamoo dada. Nilifanyiwa upasuaji wa rovu mwaka 2019. Kadi yangu ya zamani imeandikwa thairotoksikosisi. Mwaka huu kliniki nyingine wameandika haipothairoidi, E03.9. Binti yangu anasema moja ni uongo, tukashtaki. Halafu dawa yangu safari hii wameandika 100 mg, zamani kulikuwa na alama nyingine ambayo sikuielewa. Nifuate ipi?
*Mama wa Ujiji*

Marahaba mdogo wangu. Mwambie binti avue viatu, safari ya mahakamani bado.

Kadi zote mbili zinasema kweli, kila moja kwa wakati wake. Kabla ya kisu tezi yako ilikuwa inazidisha. Baada ya kisu imebaki kidogo au haikubaki kabisa, kwa hiyo homoni unaimeza kwa kidonge. Kilichokosekana ni daraja kati ya kadi hizo mbili, yale maneno matatu "baada ya upasuaji". Yangeandikwa, msimbo ungekuwa E89.0, wa tezi iliyodhoofika kwa sababu ya matibabu yenyewe. E03.9 inasema tu tezi imelala, sababu haikutajwa. Utaniuliza, namba ina nini? Ina hili: mganga mgeni akikuta E03.9 anaweza kuanza upya kutafuta chanzo, vipimo juu ya vipimo kwa pesa yako, au siku moja akakuambia hebu tuache dawa tuone kama tezi itaamka. Tezi iliyotolewa haiamki.

Kwa hiyo rudi pale ulipopasuliwa, omba muhtasari wa kuruhusiwa na karatasi ya upasuaji. Iseme walitoa tezi yote au upande mmoja, na upande upi. Toa nakala mbili. Moja iende kliniki mpya waibandike kwenye faili, nyingine ikae nyumbani ndani ya mfuko wa nailoni. Na siku ukisikia vidole au midomo inakufa ganzi au misuli inakaza, usiandike barua kwenye gazeti, nenda hospitali siku hiyohiyo. Nyuma ya tezi kuna vitezi vidogo vya kulinda kalisi, na upasuaji wakati mwingine huviumiza. Hiyo nayo ina msimbo wake, E89.2, na iandikwe kivyake badala ya kumezwa na "amepasuliwa goita".

Usishtuke ukiona TSH kubwa imeandikwa karibu na neno "upungufu". TSH inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamsha hii ya shingoni. Hii ikilala, ile inapiga kelele, namba inapanda. Hii ikizidisha, ile inanyamaza. Wengi huisoma kinyume, wakiwemo wenzangu.

Sasa hiyo 100 mg. Hapo nilikiacha kikombe cha chai. Dawa yako, ambayo kwa maelezo yako ni levothairoksini, hupimwa kwa mikrogramu. Alama ile usiyoielewa ni ya mikrogramu, kaherufi kenye mkia mbele ya g, na kwa mkono wa haraka inageuka m. Kati ya mikrogramu na miligramu kuna mara elfu moja. Nina hakika duka halikukupa hiyo, kwa sababu kidonge cha namna hiyo hakipo, lakini cheti kama hicho hakitakiwi kukaa ndani ya faili. Kipeleke, omba waandike neno zima kwa herufi: mikrogramu. Wasikuambie "tunaelewana". Wao wanaelewana, atakayekuja baadaye je? Ukimeza na vidonge vya chuma au vya kalisi, mwulize mfamasia juu ya kupishanisha saa, maana vinaizuia isiingie mwilini, na hilo pia waliandike kwenye kadi.

Habari za kazi mama. Ni mkunga, Kibondo. Mjamzito mwenye tezi inayozidisha, je, naweka E05 au msimbo wa ujauzito? Na aliyeanza kutetemeka miezi mitatu baada ya kujifungua?

Salama, mwanangu. Wa kwanza, sura ya ujauzito inatangulia: O99.2, halafu E05 yake kando ili ijulikane ni tezi wala si kitu kingine, maana O99.2 imebeba magonjwa mengi. Wa pili, ikiwa daktari ameandika ni uvimbe wa tezi wa baada ya kujifungua, kuna O90.5 iliyotengwa kwa ajili hiyo hasa. Watu wengi huipita wakaenda E06.

Andika wiki za mimba kando ya kila jibu la TSH. Miezi ya mwanzo homoni ya mimba yenyewe huishusha TSH, na jibu lisilo na wiki litamfanya mama mzima aonekane mgonjwa. Na mama mwenye Graves akijifungua, faili la mtoto lisianze kama karatasi nyeupe. Liseme mama ana nini na anatumia dawa gani, kwa sababu mtoto naye anaweza kuzaliwa tezi yake inakimbia kwa muda. Hiyo ni P72.1, inaandikwa kwenye faili la mtoto, si la mama.

Bibi, mimi mwanafunzi wa kumbukumbu, Tabora. Daktari ameandika "kinundu cha tezi, ? saratani", sampuli imepelekwa, majibu bado. Niweke C73? Na je, ICD-10 tunaisoma ya nini wakati 11 imeshatoka?

Usiweke C73. Mrudie daktari mkubaliane kilichothibitika leo ni nini. Kama ni kinundu kimoja kinachosubiri majibu, ni E04.1, na alama yake ya kuuliza ibaki kwenye maelezo. Majibu yakirudi saratani, C73. Yakirudi uvimbe usio na madhara, wa aina ya adenoma, D34. Una haraka ya nini? Saratani ikishaingia kwenye mfumo haitoki kwa urahisi. Nimewahi kumwona kijana akinyimwa usingizi na herufi moja na tarakimu mbili ambazo hakuna daktari aliyezithibitisha. Na aliyetibiwa akamaliza, hana tena ugonjwa wala matibabu yake, hastahili kubebeshwa C73 maisha yake yote. Kuna Z85.8 ya historia.

Kuhusu ICD-11, ilianza rasmi Januari 1, 2022, na humo tezi imehamia 5A00 ya iliyolala, 5A01 ya rovu lisilo na sumu, 5A02 ya inayozidisha, 5A03 ya tezi iliyopata inflamesheni. Orodha hizi zinabadilika tangu ile ya Jacques Bertillon iliyopokelewa Chicago mwaka 1893, na zitaendelea kubadilika. Tumia ile ambayo kituo chako kimeagizwa kutumia, usichanganye mbili kwenye faili moja. Umbo, kazi na chanzo vinaulizwa katika zote mbili. Ukijua kuuliza, kitabu utakizoea kwa wiki chache.

Mama, mnatuchafulia jina. Watu wanasema chumvi yetu ya Uvinza inaleta goita. Sema neno.
*Mchemsha Chumvi*

Chumvi haileti goita, ndugu yangu. Chumvi yoyote, ya chemchemi zenu au ya pwani, isipotiwa madini joto inabaki kuwa chumvi tu, na ubaya wake ni huo wa kutokuwa nayo. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za madini joto kwa siku, mjamzito 250. Hata mkilundika mbele yangu haijai ncha ya sindano. Tieni, fungeni vizuri, mnunuzi aifunike jikoni isipigwe jua na unyevu.

Ila barua yako inanirudisha kwa yule kijana wa Kasulu. Mkoa utajua kijiji gani chumvi yake haina madini joto kwa kuhesabu, pamoja na mambo mengine, E01 zinazotoka huko. Akiwapa wote E04.9, hesabu inasema hakuna mtu, na wewe utaendelea kusemwa sokoni bila mtu yeyote mwenye takwimu ya kukutetea au kukushika.

Nimebakiwa na barua moja, ya Buhigwe, yenye picha ya ukurasa wa faili. Jina la mgonjwa linasomeka, namba ya simu inasomeka, na majibu ya vipimo yote. Swali lako lilikuwa zuri sana. Picha nimeifuta, na mjukuu nimemfutisha ya kwake. Liandike swali upya kwa mkono wako mwenyewe, umri na jinsia vinanitosha, nitalijibu toleo lijalo.

*Bibi Masjala, Kigoma*